Huduma ni Mwili Mmoja: Mafunzo ya Daraja la Jamarati

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa ukumbusho wa Jumuiya)

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Kila Mwislamu aliyejaaliwa kuhiji hurudi na khabari za Mina. Hueleza bonde lile jembamba lililozungukwa na majabali, mahema meupe yaliyopangwa safu baada ya safu, na mwendo wa umati wa watu waendao kupiga mawe katika Jamarati tatu. Zamani msafiri alipowaaga jamaa zake walitakana radhi, kwani safari ilikuwa ya miezi mingi na hakuna aliyekuwa na yakini ya kurudi. Siku hizi ndege imeifupisha njia. Walakini kutakana radhi hakujaondoka, na miongoni mwa sababu zake ni misiba iliyotokea pale Mina mara kwa mara.

Mazungumzo haya ni juu ya misiba hiyo, na juu ya elimu iliyotumiwa kuizuia. Elimu hiyo huitwa uhandisi wa mifumo. Jina ni zito, lakini maana yake haimshindi mtu yeyote. Lilianza kutumika katika maabara za simu za kampuni ya Bell, nchini Marekani, katika miaka ya 1940. Mainjinia wa simu walikuwa wametambua kwamba chombo kizuri, waya mzuri na kituo kizuri havitoshi kumwezesha mtu kusema na mwenziwe aliye mbali, ikiwa vitu hivyo havikupangwa vifae pamoja. Mtu wa elimu hii hatazami kitu kimoja kimoja peke yake. Hutazama jinsi vitu vinavyoshikana, na jinsi kila kimoja kinavyomwathiri mwenziwe, tangu mwanzo wa kazi mpaka mwisho wake. Baadaye elimu hiyo ilitoka katika mitambo ikaingia katika huduma za watu: hospitali, viwanja vya ndege, na kila mahali ambapo wengi huhudumiwa na wachache.

Katika huduma hizo iko hesabu moja ndogo ambayo yafaa kila kiongozi aijue. Mwaka 1909 mtaalamu wa hesabu wa Denmark, Agner Krarup Erlang, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alitoa maandiko yake ya kwanza juu ya namna simu zinavyoingia kwa wingi na kwa uchache bila ya taratibu maalumu. Mwaka 1961 mwalimu wa Kimarekani, John Little, alithibitisha kanuni iliyo nyepesi kuliko zote: idadi ya watu waliomo mahali ni sawa na idadi ya wanaoingia kwa saa, mara idadi ya saa anazokaa kila mmoja. Zahanati ikipokea wagonjwa 20 kwa saa, na kila mgonjwa akakaa saa tatu mpaka kuondoka, basi ndani mtakuwa na watu 60 siku zote. Kuongeza mabenchi hakutapunguza hata mtu mmoja. Lakini kila mgonjwa akiwezeshwa kumaliza kwa saa moja, waliomo watakuwa 20 tu, na mabenchi yaliyokuwa haba yatakuwa na nafasi. Kwa hiyo mwenye kuona umati hana budi kuuliza mambo mawili: wanaingia kwa kasi gani, na kitu gani kinachowakalisha?

Maswali hayo mawili ndiyo yaliyopasa kuulizwa Mina. Kupiga mawe ni ibada yenye mahali pake na wakati wake. Mahali hapahamishiki, na wakati ni siku chache. Walipokuwa mahujaji ni wachache, bonde liliwatosha. Ndege zilipoanza kuwaleta kwa mamia ya maelfu, hata wakafika na kupita milioni mbili, bonde lilibaki lile lile. Mwaka 1963 lilijengwa daraja ili watu wapate kupiga mawe chini na juu, na likapanuliwa mara kadhaa baadaye. Hata hivyo misiba haikukoma. Mwaka 1990 watu 1,426 walikufa katika handaki la waendao kwa miguu. Mwaka 1994 walikufa watu wapatao 270 penye kupiga mawe. Mwaka 1998 walikufa zaidi ya 100 darajani. Mwaka 2004 walikufa wapatao 250. Kila mwaka wa msiba, katika nchi mbali mbali za Waislamu, yalisomwa majina, zikakaliwa matanga, na watoto wakaambiwa kwamba mzee hatarudi.

Watu wengi waliposikia khabari hizo walisema kwamba mahujaji hawana subira, na kwamba wenye nguvu waliwakanyaga wanyonge. Yapasa neno hilo lichunguzwe kwa haki. Injinia wa Kimarekani, John Fruin, aliyeichunguza misiba ya namna hii katika nchi nyingi, alionyesha kwamba watu wanapofika saba katika eneo la mita moja kwa mita moja, umati hugeuka kuwa kama maji. Mtu hana tena khiari ya mwili wake. Hupelekwa kule mawimbi yaendako, na pengine miguu yake huwa haigusi chini. Wengi katika wanaokufa hawafi kwa kukanyagwa. Hufa kwa kukosa pumzi, na wengine hufa wangali wamesimama. Aliye nyuma haoni yaliyo mbele. Husogea hatua moja tu akidhani pana nafasi, na hatua hizo ndogo za watu maelfu hukusanyika zikawa uzito usioweza kustahimiliwa na kifua cha mwanadamu. Yule aliyesogea hakukusudia ubaya wowote. Kosa lilikuwamo katika mpango uliowaleta watu wengi mno, kwa njia moja, kwa wakati mmoja, bila ya mtu wa kuwaarifu walio nyuma.

Baada ya msiba wa mwaka 2004, zile nguzo tatu zilibadilishwa zikawa kuta ndefu. Fikra ilikuwa njema. Nguzo huwafanya watu wote waizunguke na kugongana, lakini ukuta mrefu huwapa nafasi ya kusimama kando yake na kupita. Na kweli, penye kupiga mawe pakawa na nafuu. Walakini tarehe 12 Januari 2006, ambayo ilikuwa mwezi 12 Mfungo Tatu, mahujaji waliotaka kuondoka Mina kabla ya jua kuchwa walifika kwa pamoja baada ya adhuhuri, wengi wao wakiwa na mizigo yao. Watu zaidi ya 340 wakafa. Safari hii hawakufia penye nguzo. Walifia mwanzo wa daraja, mahali pa kuingilia. Palipotengenezwa palikuwa pametengenea. Kasoro ilikuwa imehama ikaenda kukaa hatua chache nyuma.

Ndipo serikali ya Saudi Arabia ilipowaita wataalamu wa mambo haya. Miongoni mwao alikuwa Dirk Helbing, Mjerumani, ambaye pamoja na wenziwe aliichunguza filamu iliyopigwa siku ile ya msiba. Waliona kwamba umati ulipita katika hali tatu. Kwanza ulikwenda sawasawa kama mto uliotulia. Kisha ukaanza kwenda na kusimama, kwenda na kusimama, kama magari katika njia iliyojaa. Mwisho ukaanza kutikisika huku na huku pasipo na mwelekeo, na hapo ndipo watu walipoanguka. Hali ile ya pili ilionekana kabla ya msiba. Maana yake ni kwamba dalili ilikuwapo, na lau pangalikuwapo mtu wa kuitambua na mwenye amri ya kuwazuia waliokuwa wakija, pengine wengi wangalinusurika.

Daraja la zamani likavunjwa. Likajengwa jipya, lenye urefu wa mita 950 na upana wa mita 80, lenye tabaka tano, lililokamilika kwa Hija ya mwaka 2009 na kukadiriwa kupitisha watu 300,000 kwa saa. Lakini yafaa ifahamike kwamba jiwe na saruji havikuwa sehemu ngumu ya kazi hiyo. Kazi ngumu ilikuwa utaratibu. Njia za kwenda zikatengwa na njia za kurudi, ili anayekwenda asikutane uso kwa uso na anayerudi. Kila kundi la mahema likapewa saa yake na njia yake. Mizigo ikakatazwa. Kamera zikawekwa za kuwahesabu watu. Wakawako pia wanavyuoni waliotoa fatwa za kupanua wakati wa kupiga mawe, kwa kuchelea roho za watu; na bila shaka fatwa hizo zilikuwa sehemu ya mfumo ule kama zilivyokuwa ngazi na milango. Mwaka 2010 ikafunguliwa reli ya sehemu takatifu, yenye urefu wa kilomita 18 na vituo 9, kati ya Arafa, Muzdalifa na Mina. Ikapita miaka kadhaa bila ya msiba mkubwa wa msongamano, na watu wakaamini kwamba mlango wa misiba umefungwa.

Mnamo tarehe 24 Septemba 2015, siku ya Idi ya kuchinja, mlango ukafunguka mahali pengine. Daraja lilikuwa zima na likifanya kazi yake. Watu walifia katika njia ya kuliendea, kati ya mahema, mahali ambapo barabara ya 204 inakutana na barabara ya 223. Makundi mawili makubwa yalikutana pale, na nafasi ya kurudi nyuma haikuwapo. Serikali ya Saudia ilitangaza vifo 769. Mashirika ya habari, yakijumlisha matangazo ya nchi zilizofiwa, yalipata hesabu iliyopita 2,000. Ilikuwa misiba mikubwa kuliko yote iliyotangulia. Kasoro ilikuwa imehama kwa mara nyingine, kutoka mwanzo wa daraja mpaka kwenye maungio ya njia.

Tena ikahama. Mwaka 2024 mahujaji 1,833,164 walihiji kwa vibali, na joto katika Msikiti Mtukufu wa Makka likafika karibu nyuzi 52. Watu 1,301 wakafa. Waziri wa Afya wa Saudia alieleza kwamba asilimia 83 ya waliokufa walikuwa hawana vibali, na kwamba walitembea masafa marefu juani bila ya kivuli wala mahali pa kupumzika. Wenye vibali walikuwa na mahema yenye ubaridi na mabasi. Wasiokuwa navyo hawakuwamo katika daftari. Na asiyekuwamo katika daftari hakuwekewa hema, hakuwekewa maji, wala hakukadiriwa kitanda katika hospitali. Misri ilifuta leseni za makampuni 16 ya safari kwa sababu ya jambo hilo. Watu wale wengi wao walikuwa maskini walioweka akiba ya umri wao mzima, wakampa mtu aliyewaahidi njia rahisi. Msiba wao haukuanzia Mina. Ulianzia nyumbani kwao, katika meza ya yule aliyepokea fedha zao.

Waheshimiwa, huenda mtu akauliza: je, mauti si kwa kudra ya Mwenyezi Mungu? Naam, ni kwa kudra yake, na hakuna Mwislamu asiyekubali hilo. Lakini tawakali haikumwondolea mja wajibu wa kumfunga ngamia wake. Anayesema kudra baada ya kutimiza wajibu wake amesema kwa adabu. Anayesema kudra ili asiulizwe juu ya wajibu wake amelitumia neno tukufu kufunika uzembe. Kamera iliyoweza kuonyesha dalili kabla ya msiba nayo ni katika sababu alizowajaalia waja.

Sasa yapasa itazamwe faida ya khabari hizi kwa Jumuiya ambayo haina daraja wala reli. Jumuiya ina zahanati, au inakusudia kuwa nayo. Ina madrasa. Ina kamati ya mazishi, kamati ya zaka, na kamati ya kuwasaidia wanaokwenda Makka. Kila moja katika hizo ni huduma, na kila huduma ina njia anayoipita mtu, kama hujaji anavyopita kutoka hemani mpaka Jamarati na kurudi.

Funzo la kwanza ni kwamba kasoro ikizibwa mahali pamoja huhamia penye udhaifu unaofuata. Kamati ikinunua gari la maiti, yafaa iulize mara moja: nani mwenye ufunguo usiku, nani wa kutia mafuta, na kaburi litachimbwa na nani ikiwa khabari imefika alfajiri? Gari jipya likimngoja mchimba kaburi, wafiwa hawakupata nafuu yoyote. Wamengoja tu mahali pengine.

Funzo la pili ni kwamba hatari hukaa katika maungio, yaani pale mkono wa mmoja unapoishia na mkono wa mwingine unapoanzia. Mjane anayestahili zaka huandikwa na imamu wa mtaa wake; daftari la imamu hupelekwa kwa katibu; katibu hulipeleka kwa mweka hazina. Huenda imamu, katibu na mweka hazina wote ni watu waaminifu, kila mmoja akafanya kazi yake vizuri, na bado mjane yule akakosa, kwa kuwa hakuna aliyepewa jukumu la karatasi ile ilipokuwa njiani. Akiulizwa imamu, atasema ameandika. Akiulizwa katibu, atasema hakuletewa. Wote wawili ni wakweli, na mjane amelala na njaa. Basi kila maungio yapasa yawe na mtu mmoja, kwa jina lake, ambaye ataulizwa.

Funzo la tatu ni lile la daftari. Huduma huwaona wale tu walioandikwa. Kwa hiyo kiongozi mwema hatosheki kuuliza kama walioandikwa wamehudumiwa. Huuliza pia ni nani asiyeandikwa, na kwa nini. Pengine ni mgeni aliyehamia mtaani karibuni. Pengine ni mzee asiyeweza kufika ofisini, au mwanamke anayeona haya kusimama katika safu ya wanaume. Kwa wanaokwenda Makka jambo hili ni zito zaidi. Msafiri atokaye Kampala, Bujumbura au Kigali, njia yake haianzi uwanja wa ndege wa Jedda. Huanza pale anapotoa fedha yake na kupewa stakabadhi. Kamati inayohakikisha kwamba kila msafiri ana kibali cha Hija chenye jina lake, na inayokataa kumsafirisha asiyekuwa nacho hata akilia na kubembeleza, imemwokoa kabla hajalihisi jua la Arafa.

Na funzo la nne ni kusoma dalili mapema. Umati wa Mina ulianza kwenda na kusimama kabla ya kuanguka. Zahanati nayo husema kabla ya kushindwa: watu huanza kufika usiku ili kuwahi nafasi, dawa huisha kabla ya mwezi kwisha, mwuguzi hula chakula chake cha mchana saa kumi. Madrasa husema: watoto wa darasa moja hupungua mmoja mmoja bila ya mtu kuuliza. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini kuuziba kwahitaji kwanza awepo mtu ambaye kazi yake ni kuutafuta.

Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Kamati imchague mtu mmoja makini, ampe daftari na kalamu, naye aipite njia yote anayoipita yule anayehudumiwa. Akiichunguza zahanati, aingie pamoja na mgonjwa wa kwanza, akae naye mpaka atoke na dawa mkononi, na aandike kila saa aliyongoja na sababu yake. Akiichunguza kamati ya mazishi, aanze na simu ya mfiwa na amalize na kurudi kwa watu kutoka makaburini. Asiandike majina ya kulaumiwa. Aandike mahali, saa, na nani alikuwa akimngoja nani. Kisha daftari hilo lisomwe mbele ya kamati zote zikiwa zimekaa pamoja, kwani ufa ulio kati ya kamati mbili hauwezi kuonekana na kamati moja ikikaa peke yake. Na linapotengenezwa jambo, njia ipitwe tena baada ya miezi michache, ili ijulikane kasoro imehamia wapi.

Mina palihitajika miaka mingi na roho za maelfu ya Waislamu ili mafunzo haya yafahamike. Wamekwisha kuyalipia kwa niaba ya wote. Mwenyezi Mungu awarehemu waliokufa katika safari hiyo tukufu, awape subira jamaa zao, na awajaalie wenye kusimamia mambo ya Waislamu macho ya kuiona njia nzima, kuanzia mlango wa nyumba ya mnyonge mpaka pale haja yake inapokwisha.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh.